Ngumi usiku, mikono asubuhi: je, hoki ya barafuni ina uungwana?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka 15 mtaani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma. Dada yangu ni muuguzi huko Edmonton, Kanada, na kwa ajili yake nilijikuta nakesha kutazama fainali ya hoki ya barafuni ya mwaka 2025, Edmonton Oilers dhidi ya Florida Panthers. Katika mechi ya tatu niliwaona wachezaji wakitwangana ngumi, kisha baada ya mechi ya sita wakapanga mstari na kupeana mikono kana kwamba hakuna kilichotokea. Huo ni uungwana au ni unafiki? Sisi mashabiki tuliofungwa tufanyeje? Na je, niwaletee vijana wangu desturi ya mstari ule, maana mechi zetu za mtaani siku hizi zinaishia kwenye mawe?

Jibu: Marahaba, kocha. Nimelisoma swali lako mara tatu, kwa sababu nililiuliza mwenyewe mwaka 2006, nilipokuwa mwanafunzi wa elimu ya michezo huko Edmonton, nimetoka kwenye vumbi la Dodoma na kutua katika jiji ambalo mwezi wa Januari ukivuta pumzi unaisikia ikiganda puani. Mwaka ule Oilers waliingia mechi za mtoano wakiwa wa nane kati ya timu nane za ukanda wao, wakafika fainali, na tarehe 19 Juni wakafungwa 3–1 na Carolina Hurricanes katika mechi ya saba. Nilitazama pamoja na familia iliyonipangisha chumba. King'ora cha mwisho kilipolia nilidhani baba mwenye nyumba atazima televisheni, kama tunavyofanya wengi wetu timu ikifungwa, lakini akasema tungoje mikono kwanza. Tukangoja. Tangu usiku ule sijawaacha Oilers: niliwaona wakifungwa na Florida fainali ya 2024 katika mechi ya saba, 2–1, baada ya kusawazisha mechi tatu walizokuwa nyuma, na nikawaona tena 2025 mikononi mwa Florida wale wale. Nakujibu basi nikiwa shabiki aliyefungwa fainali tatu, na nikiwa pia mtu aliyepuliza filimbi katika mechi za shule za mkoa huu kwa miaka mingi.

Mstari ule si unafiki. Lakini ukiutazama peke yake, bila kutazama yaliyotokea kwa miezi tisa kabla yake, hutauelewa, na ukiwapelekea vijana wako mstari peke yake utakuwa umewapelekea kitu kisicho na mizizi. Naomba univumilie nianze na msimu wenyewe.

Ligi ya NHL, wanamocheza Oilers na Panthers, ina timu 32, za Marekani na Kanada. Msimu wa kawaida wa 2024/25 ulianza Oktoba na kuisha Aprili, na kila timu ilicheza mechi 82, ambazo ni karibu mara tatu ya mechi 30 za Ligi Kuu yetu. Ushindi una pointi mbili, na anayefungwa katika muda wa nyongeza au kwa mapigo ya penalti hupata moja. Timu 16 huingia mtoano wenye hatua nne, na kila hatua ni mfululizo wa mechi hadi saba dhidi ya timu ile ile, anayetangulia kushinda nne ndiye anayesonga mbele. Ili ulinyanyue Kombe la Stanley, lililotolewa na Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada, mwaka 1892, unatakiwa ushinde mechi 16 baada ya zile 82. Kwetu mechi hizo nyingi huanza saa nane au saa tisa usiku, na fainali uliyoitazama ilikuwa ikimalizika karibu na saa kumi na mbili asubuhi, watu wakienda sokoni Majengo.

Nimekupa hesabu hiyo kwa sababu moja. Katika msimu mrefu namna ile unakutana na watu wale wale mara tatu, mara nne, na katika mtoano unakutana nao kila baada ya siku moja au mbili kwa wiki mbili mfululizo. Aliyekuumiza Oktoba utamwona tena Januari. Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26 tu, umezungushiwa ubao na kioo, hauna mahali pa kukimbilia nje ya mstari. Wachezaji kumi wa ndani na walinda mlango wawili wanateleza juu ya vyuma, wakigombania kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho kikipigwa sawasawa hupita kasi ya kilomita 160 kwa saa. Kugongana kwa mwili kunaruhusiwa na sheria. Mahali kama hapo madeni huzaliwa kila usiku, na mchezo usiokuwa na namna ya kuyalipa ungekufa kabla ya Krismasi.

Namna yao ya kwanza ya kulipa madeni, na kwangu mimi ndiyo uungwana wenyewe wa hoki kuliko kitu kingine chochote, ni kile kibanda cha adhabu ulichokiona pembeni ya uwanja. Mchezaji akimkwatua mwenzake, akimshika au akimpiga kwa gongo, mwamuzi huinua mkono, na mkosaji huenda kukaa humo dakika mbili, kwenye kioo, mbele ya watu elfu kumi na nane. Kosa kubwa ni dakika tano. Wakati huo wenzake wanacheza pungufu, na hakuna anayeingia badala yake. Ikiwa ni adhabu ya dakika mbili na wapinzani wakafunga bao, anaachiwa, kwa sababu deni limelipwa. Angalia vizuri uso wa mtu aliyeketi humo wakati wenzake wanne wanajitupa mbele ya kisahani kwa mwili wao kuzuia kosa lake lisigeuke bao. Hakuna hotuba ya mwalimu wala faini ya chama inayoweza kumfundisha kijana jambo lile: kwamba kosa lako linabebwa na ndugu zako, sasa hivi, mbele ya macho yako. Kisha mlango unafunguliwa, anarudi barafuni, na hakuna anayemkumbusha. Kadi ya njano ya kandanda haifanyi hivyo. Mchezaji huonyeshwa, huinua mabega, na mchezo huendelea kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, huku aliyeumizwa akibaki na hesabu yake moyoni.

Katika mechi ile ya tatu iliyokukera, Florida walishinda 6–1 na adhabu za timu zote mbili zilifika jumla ya dakika 140. Ilikuwa mechi mbaya, na Oilers wangu walihusika sana katika ubaya huo walipoona imewashinda. Siitetei. Ila kila dakika kati ya zile 140 ilihesabiwa hadharani kwa jina la mtu na kosa lake, na siku tatu baadaye timu zile zile zilicheza mechi ya nne, Oilers wakatoka nyuma mabao matatu kwa bila na kushinda 5–4 katika muda wa nyongeza kwa bao la Leon Draisaitl, moja ya mechi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzikeshea.

Sasa ngumi. Hili linahitaji mtu wa kwetu kulielewa, na nadhani sisi tuna faida kuliko Wazungu wengi wanaolishangaa, kwa sababu tuna utani. Ugogoni mtani anaweza kuja msibani akalala njiani jeneza lisipite mpaka alipwe, akaigiza kikohozi cha marehemu, akawaambia wafiwa maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atavunjwa meno. Hakuna anayekasirika, maana anajulikana kuwa ni mtani, na anajulikana kuwa ndiye atakayeshika jembe makaburini. Ruhusa yake ina mipaka iliyo wazi: ni kwa watani tu, ni mbele ya watu, na ina mwisho. Ngumi za hoki zilijengwa juu ya ruhusa inayofanana na hiyo. Wanaopigana ni wawili waliokubaliana, mara nyingi kwa neno moja au kwa kutazamana. Wanadondosha magongo na glavu. Waamuzi wanasubiri hadi mmoja aanguke au waishiwe nguvu. Kisha wote wawili wanakwenda kibandani dakika tano kila mmoja. Sheria inasema ni kosa, na inatoza bei. Mkongwe wa hoki atakuambia kwamba bei hiyo inamlinda mchezaji mdogo wa mwili asivunjwe na wakubwa.

Kuna ukweli hapo, na ukweli huo una uchungu wake. Wayne Gretzky, aliyewapa Oilers makombe manne miaka ya themanini, alishinda mara tano tuzo ya Lady Byng, inayotolewa tangu 1925 kwa mchezaji anayeunganisha uungwana na ubora wa juu. Aliyeitoa alikuwa mke wa gavana mkuu mwingine wa Kanada, mama aliyeupenda mchezo huo akiutazama Ottawa, na Frank Boucher wa New York Rangers aliichukua mara saba katika misimu minane hata akakabidhiwa ya kwake moja kwa moja, ikatengenezwa nyingine. Gretzky alistahili tuzo zake. Lakini miaka ile pembeni yake barafuni alikuwapo Dave Semenko, bingwa wa ngumi, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba anayemgusa Gretzky anajibu. Uungwana wa mmoja ulitunzwa na mikono ya mwingine, na mikono hiyo haikupewa tuzo.

Wala si tuzo tu waliyoikosa watu wa namna hiyo. Derek Boogaard, mpiganaji wa Minnesota Wild na baadaye New York Rangers, alifariki mwezi Mei 2011 akiwa na miaka 28, kwa mchanganyiko wa pombe na dawa za maumivu, na ubongo wake ulipochunguzwa Boston ulikutwa na ugonjwa wa uharibifu unaohusishwa na mapigo ya mara kwa mara ya kichwa. Kwa hiyo nikikufafanulia mantiki ya ngumi usidhani nazipenda. Naamini zinapaswa kuisha, na kwa kweli zimekuwa zikipungua mwaka hadi mwaka. Utani wetu haumwachi mtani na ubongo ulioharibika.

Tena kuna usiku mmoja unaoonyesha kwamba ile kanuni ya kulipana inaweza kuwa uongo mtupu. Februari 2004 Steve Moore wa Colorado Avalanche alimgonga Markus Näslund, nahodha wa Vancouver Canucks, aliyepata mtikisiko wa ubongo. Waamuzi hawakutoa adhabu. Timu hizo zilipokutana Vancouver tarehe 8 Machi, Moore alikubali kupigana na Matt Cooke katika kipindi cha kwanza. Kwa desturi ya mchezo wenyewe deni lilikuwa limelipwa: aliitwa, akaitika, akakaa dakika tano. Katika kipindi cha tatu, Vancouver wakiwa wamezidiwa mabao mengi, Todd Bertuzzi alimfuata akimtaka apigane tena, Moore akakataa na kuendelea na mchezo, na Bertuzzi akampiga ngumi kutoka nyuma, kichwani, kisha wakaanguka barafuni na wengine juu yao. Moore alivunjika pingili tatu za shingo na hakucheza tena maishani. Bertuzzi alifungiwa mechi zote zilizobaki msimu ule, akafikishwa mahakamani, akakiri kosa la kudhuru mwili, akapewa muda wa uangalizi wa mwaka mmoja na saa 80 za kazi za jamii. Kesi ya madai iliisha kwa makubaliano mwaka 2014, miaka kumi baadaye.

Nimewahi kuwaeleza kisa hicho waamuzi vijana wa hapa, na siku zote swali langu kwao ni moja: kosa lilianza wapi? Wengi husema lilianza kwa Bertuzzi. Mimi nasema, bila kumpunguzia mzigo wake hata kidogo, kwamba lilianza Februari, pale filimbi iliponyamaza. Kosa lisilotajwa hadharani na mwenye mamlaka halipotei. Linahamia mikononi mwa wachezaji, na wachezaji hawana mizani. Ndiyo maana hata mashabiki wa Nkuhungu wanaookota mawe, kocha, kabla hujawalaumu, jiulize nusu saa kabla ya hapo walikuwa wameona nini ambacho mwamuzi hakukisema.

Kuhusu mambo ambayo sheria haikuyafikiria nitasema machache. Aprili 2008 Sean Avery wa New York Rangers, wakati wa mechi ya mtoano, aligeuka akakipa kisahani mgongo, akasimama mbele ya Martin Brodeur, mlinda mlango wa New Jersey Devils, akimpungia gongo na mikono usoni ili asione. Hakuna kifungu kilichokataza. Siku iliyofuata ligi ilitoa tafsiri mpya ya kanuni: kufanya hivyo ni kosa la kukosa uungwana, dakika mbili. Rangers waliposhinda mfululizo ule na mstari wa mikono kupangwa, Brodeur alimpita Avery bila kumpa mkono. Wako waliomlaumu Brodeur. Mimi simlaumu, na kitendo chake ndicho kinachonihakikishia kwamba mikono mingine katika mistari ile ni ya kweli, kwa sababu desturi ambayo mtu hawezi kuikataa haina thamani anapoikubali.

Hapo tumefika kwenye mstari wako. Kitu ambacho huenda hukukiona, kwa kuwa ilikuwa fainali yako ya kwanza, ni kwamba katika NHL wachezaji hawapeani mikono baada ya kila mechi. Katika mechi zote za msimu wa kawaida hakuna mstari. Wanasherehekea na mlinda mlango wao na kwenda zao. Ndani ya mfululizo wa mtoano pia hakuna mstari baada ya mechi ya kwanza wala ya tano. Mstari hupangwa mara moja tu, mfululizo ukiisha, wakati mmoja wao msimu wake umekufa palepale na hakuna deni la kesho linaloweza kudaiwa. Sisi tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani, ni methali ya kweli, lakini tunaisema haraka mno, dakika ileile mtu amefungwa, kana kwamba kukubali ni kitu cha kuamrishwa. Wenzetu wamekiwekea wakati wake. Mtu anakuja kwenye mstari ule akiwa ameshadai na kudaiwa kwa mechi nne, tano, saba, adhabu zote zimekaliwa kibandani, na anachopeleka mbele ni mkono uliokwisha kuhesabu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika timu iliyotufunga. Mei 2024, katika mtoano, Sam Bennett wa Florida alimgonga Brad Marchand, aliyekuwa nahodha wa Boston Bruins, kwa pigo lililoonekana wazi katika picha za marudio kuwa ngumi, na Marchand akakosa mechi mbili. Marchand mwenyewe alikuwa mchezaji aliyefungiwa mara nyingi kwa makosa yake. Waandishi walipomuuliza, alisema Bennett amepona bila adhabu, lakini akakataa kulalamika na kukumbusha kwamba yeye naye amewahi kuwa upande wa pili wa matukio mengi. Machi 2025 Boston walimhamishia Florida. Juni 2025 Bennett na Marchand walinyanyua Kombe la Stanley pamoja, na Bennett akatajwa mchezaji bora wa mtoano. Mimi sikufurahi kuwaona nalo, kocha, ulikuwa usiku mgumu kwangu. Lakini nilipowaona wawili wale wamekumbatiana sikuweza kusema mchezo huu haujui kusamehe.

Swali lako la pili, la mashabiki, ni gumu kuliko la wachezaji, kwa sababu sisi hatuna kibanda cha adhabu. Shabiki akikosea hakuna anayecheza pungufu. Anachokuwa nacho ni kipimo chake mwenyewe, na kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: nafanya nini mpinzani anapofanya jambo linalostahili heshima, na nafanya nini mtu wangu anapofanya la aibu?

Januari 1993 Mario Lemieux wa Pittsburgh Penguins alitangaza kwamba ana saratani ya tezi za limfu. Tarehe 2 Machi alipata tiba ya mionzi kwa mara ya mwisho asubuhi, akapanda ndege, na usiku huohuo akaingia barafuni mjini Philadelphia, kwa Flyers, mahasimu wakubwa wa Pittsburgh, ambao mashabiki wao wana sifa ya ukali hata kwa watu wao. Uwanja mzima ulisimama ukampigia makofi. Kisha akafunga bao na kutoa pasi ya jingine, na Flyers wakashinda 5–4. Wale mashabiki hawakupoteza chochote kwa kumsimamia. Timu yao ilishinda usiku uleule. Na Aprili 2025 Alexander Ovechkin wa Washington Capitals alipofunga bao la 895 na kuivunja rekodi ya Gretzky, alikuwa ugenini, kwa New York Islanders. Mechi ilisimamishwa, Gretzky akashuka barafuni, na uwanja wa watu wengine ukawa na sherehe ya mgeni. Mchezo ukarejea, Islanders wakashinda 4–1.

Upande mwingine upo pia, na ni wa watu ninaowapenda. Novemba 2014 mjini Toronto, kipaza sauti kiliharibika wakati wimbo wa taifa wa Marekani ukiimbwa kwa ajili ya wageni wao kutoka Nashville, na mashabiki wa Kanada wakaumalizia wao wenyewe kwa sauti moja. Miaka kumi baadaye, Februari 2025, katika mashindano ya mataifa manne mjini Montreal, wimbo huohuo ulizomewa na Wakanada, waliokuwa na hasira na kauli za Rais Donald Trump za kutaka kuifanya nchi yao jimbo la 51 na vitisho vyake vya ushuru. Mechi ilipoanza kulikuwa na mapambano matatu ya ngumi ndani ya sekunde tisa. Ninaielewa hasira yao. Lakini waliosimama barafuni wakisikiliza wimbo wao ukizomewa walikuwa wachezaji, ambao hawakutunga kauli zile, na mtu anayemzomea mgeni kwa kosa la mwenye nyumba yake amempiga asiyehusika, kutoka nyuma. Kanada walilipiza wiki ileile kwa namna bora zaidi, wakishinda fainali Boston 3–2 kwa bao la Connor McDavid katika muda wa nyongeza.

Kwa hiyo ukifungwa, kaa mpaka mikono iishe. Usizime televisheni, usiondoke Uwanja wa Jamhuri dakika ya themanini na tano Dodoma Jiji ikiwa nyuma. Tazama nyuso za waliokushinda, mmoja mmoja, ujue ni watu. Na asubuhi ukikutana na shabiki wa upande wa pili kwenye daladala, anza wewe kulitaja kosa la mtu wako kabla hajalitaja yeye. Nimeifanya hiyo kwa miaka karibu ishirini, na inauma kila mara.

Sasa vijana wako. Naona unataka kuanza na mstari; mimi nakushauri uanze na kibanda. Niliwahi kuchezesha mashindano ya shule, shule nisizozitaja, ambapo walimu waliamuru mikono itolewe mara tu baada ya filimbi, wakati kijana mmoja bado anavuja damu kwenye ugoko kwa kosa ambalo mimi mwenyewe sikuliona. Walipofikiana katikati ya mstari, mkono uligeuka ngumi, na timu zote mbili zikaingia. Kosa lilikuwa langu kwanza, kisha la walioamuru amani kabla ya hesabu.

Kibanda unaweza kukipata kihalali. Tangu 2017 sheria za soka za bodi ya kimataifa, IFAB, zinaruhusu katika mechi za vijana na za mtaani adhabu ya kutolewa kwa muda badala ya kadi ya njano ya kawaida, mradi chama cha soka cha nchi kimeridhia. Muda wake ni kati ya asilimia 10 na 15 ya mechi, kwa hiyo mechi ya dakika 70 ni dakika 7 hadi 10, na mchezaji habadilishwi mpaka muda wake uishe. Timu inacheza pungufu. Kaonane na chama cha wilaya kabla ya ligi yenu ya mtaa kuanza, mkubaliane na makocha wenzako, na wote muwaeleze wazazi. Weka benchi moja pembeni, peke yake, upande ambao mashabiki wanaliona. Umweke hapo mtu wa kushika saa ambaye si wa timu yoyote. Akikaa kijana wako wa kwanza, usimkaripie; waache wenzake wanaokimbia pungufu wamfundishe.

Gongo si geni kwetu, maana Tanzania ilipeleka timu ya mpira wa magongo Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na barafu si mbali kama unavyodhani: Nairobi kuna uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambako Wakenya wanaojiita Ice Lions wanacheza, na nchi yao imekuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo tangu 2024. Siku ukiwa na nauli, pitia Kondoa, Babati, Arusha na Namanga ukawaone wakicheza.

Mstari uuweke baadaye, mkishamaliza mzunguko wa nyumbani na ugenini na timu ile ile, ukijua kwamba mwezi huo hamtakutana tena. Usiwaamrishe. Watangulie manahodha, wafuate wachezaji, kipa awe wa mwisho kati yao, kisha makocha wasaidizi. Wewe simama nyuma ya wote, kofia mkononi, ili kijana aliyesita kutoa mkono awe na mtu wa kumwangalia kabla mstari haujafika kwake.